Karen Blixen: Mlowezi aliyeshindwa na mibuni akatamba kwa kalamu

MTAA wa Karen, ulioko kusini-magharibi mwa jiji la Nairobi, unafahamika leo kwa majumba ya kifahari, nyua pana na bei ya ardhi isiyoguswa na mwananchi wa kawaida. Ni wachache miongoni mwa wapitao huko kila uchao wanaokumbuka kwamba sehemu ya ardhi hiyo iliwahi kuwa shamba kubwa la kahawa, na kwamba shamba hilo lilifilisika mbele ya macho ya aliyelipenda kuliko kitu kingine chochote.

Msimamizi wa shamba hilo alikuwa Karen Blixen, mwanamke wa Denmark ambaye dunia ilikuja kumjua kama mmoja wa waandishi mashuhuri wa karne ya 20. Umaarufu wake umejengwa juu ya vitabu, na hasa juu ya filamu iliyotengenezwa kutokana na kitabu kimoja. Lakini kwa miaka 17 aliyoishi Kenya, kazi iliyomnyima usingizi haikuwa uandishi. Ilikuwa mibuni.

Swali ambalo maisha yake yanaliacha ni hili: mbona kahawa ikatae Ngong, ilhali umbali mfupi kutoka hapo, katika miinuko ya Kabete na Kiambu, zao lilo hilo lilistawi na kusifiwa na waonjaji wa London? Jibu limo katika ardhi, katika mvua, katika aina ya mbegu na katika siasa za enzi hiyo.

Binti wa Rungsted

Karen Christentze Dinesen alizaliwa Aprili 17, 1885, katika nyumba ya Rungstedlund, pwani ya kaskazini mwa Copenhagen. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwindaji na mwandishi. Mama yake, Ingeborg Westenholz, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wenye mali na msimamo mkali wa kidini.

Binti huyo alikuwa karibu sana na baba yake. Mwaka wa 1895, Karen akiwa hajatimiza miaka kumi, Wilhelm alijitia kitanzi. Msiba huo ulimwachia jeraha lililodumu, na pia hamu ya kuyakimbia maisha ya kimya yaliyotawaliwa na shangazi na nyanya zake.

Alisomea uchoraji Copenhagen na kuchapisha hadithi chache majaridani, lakini hakuna hata moja iliyomletea jina. Mnamo Desemba 1912 alichumbiwa na binamu yake wa mbali kutoka Uswidi, Bror von Blixen-Finecke. Watu wa ukoo waliowahi kuzuru Afrika Mashariki waliwashawishi wachumba hao kwamba huko ndiko utajiri uliko.

Mpango wa kwanza ulikuwa kununua shamba la ng'ombe wa maziwa. Jamaa za Karen walichanga fedha, na Bror akatangulia Kenya mwaka wa 1913. Alipofika Nairobi, alikuta walowezi wote wakizungumzia kahawa. Bila kushauriana na mchumba wake, akaachana na ng'ombe, akanunua shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong.

Karen alitua Mombasa Januari 1914, na wawili hao wakafunga ndoa mjini humo Januari 14. Kutoka hapo walipanda treni hadi Nairobi. Hivyo basi, uamuzi uliokuja kuyatawala maisha yake ulikuwa umekwisha kufanywa kabla hajaikanyaga ardhi ya Kenya.

Mbegu ya mapadri

Kahawa ilikuwa ngeni nchini wakati huo, licha ya kuwa asili yake ni Uhabeshi, jirani wa karibu. Mbegu iliyoenea katika mashamba ya walowezi ililetwa na wamishonari Wakatoliki Wafaransa wa shirika la Roho Mtakatifu. Waliipanda Bura, Taita, mwaka wa 1893, kisha wakaifikisha katika misheni yao ya St Austin's, eneo la Lavington ya sasa, magharibi mwa Nairobi, mwishoni mwa karne hiyo.

Ni kutokana na miche ya misheni hiyo ambapo mashamba mengi ya kwanza ya Nairobi na Kiambu yalianzishwa. Wakulima waliiita kahawa hiyo French Mission, yaani kahawa ya misheni ya Wafaransa. Ukoo wake ni wa Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion katika Bahari Hindi.

Bourbon ni mbuni wenye kahawa tamu, isiyo na ukakasi, ambayo uchachu na uzito wake kinywani vinakwenda sambamba. Hata hivyo, mbuni huo ni dhaifu. Kutu ya majani huushambulia kwa urahisi, ukame huudhoofisha, na ugonjwa unaoozesha matunda yakiwa mabichi huweza kufagia mavuno ya msimu mzima.

Palikuwa pia na mbegu ya Blue Mountain iliyotoka Jamaica. Mbali na hizo, mlowezi wa mwaka wa 1914 hakuwa na mengi ya kuchagua. Hakukuwa na kituo cha utafiti cha kumweleza ni mbegu ipi inafaa mwinuko upi. Alipanda alichokipata, akasubiri miaka minne au mitano kabla ya kujua iwapo alibahatisha au alikosea.

Karen mwenyewe hakuwa mkulima. Hakuwa amesomea kilimo wala kukulia katika shamba la kahawa. Alijifunza kazi kwa kuwaangalia majirani, kwa kuwauliza wafanyakazi na kwa kufanya makosa yaliyomgharimu fedha za jamaa zake.

Ardhi iliyokataa

Mwaka wa 1916 ukoo uliunda kampuni iliyoitwa Karen Coffee Company, chini ya uenyekiti wa mjomba wake, Aage Westenholz. Mwaka uliofuata wanandoa hao walihamia nyumba ya mawe iliyoitwa Mbogani, iliyojengwa mwaka wa 1912. Ndiyo nyumba ambayo sasa ni makavazi.

Kwa mujibu wa kumbukumbu alizoandika baadaye, shamba lote lilikuwa na ekari 6,000. Kati ya hizo, ekari 600 zilipandwa kahawa na kiasi cha ekari 1,000 zilikaliwa na familia za maskwota. Sehemu kubwa iliyosalia ilikuwa msitu na malisho.

Kasoro ilikuwa ardhi yenyewe. Shamba lilikuwa katika mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Karen alikuja kukiri kwamba mahali hapo palikuwa juu kidogo mno kwa kahawa. Baridi kali ilitua usiku katika mabonde na kuunguza machipukizi na matunda machanga. Upepo ulivuma kutoka nyikani, udongo ulikuwa na tindikali nyingi, na mvua ya Ngong haikutegemeka.

Mwinuko pekee hautoshi kueleza maafa hayo. Katika miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, kahawa bora hukuzwa katika kimo kinachokaribia hicho. Tofauti ni kwamba huko kuna udongo mwekundu wa volkano, wenye kina na unaopitisha maji vizuri, na mvua inayonyesha kwa ukarimu zaidi.

Wataalamu wanaeleza kwamba baridi ya wastani ni rafiki wa ladha. Tunda la mbuni likichelewa kuiva, punje ndani yake hupata muda wa kukomaa na kujijenga, na kahawa ikatoka na uchachu safi na harufu ya kupendeza. Baridi ikipita kiasi, maua hupukutika na mti hauzai. Mkulima wa miinukoni kwa hivyo huishi kati ya mambo mawili: ubora wa kikombe na wingi wa magunia. Huko Ngong, magunia hayakuwahi kutosha.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Matunda mekundu yalichumwa kwa mkono, kazi iliyofanywa zaidi na wanawake na watoto, yakamenywa ganda kiwandani, yakachachushwa na kuoshwa, kisha kukaushwa, kukobolewa na kupangwa kwa ukubwa. Magunia yalipakiwa katika magari ya kukokotwa na maksai 16 kila moja, yakasafirishwa takriban kilomita 20 hadi kituo cha reli mjini Nairobi, kutoka huko yakaelekea Mombasa na hatimaye London.

Mji wa Nairobi wa wakati huo ulikuwa wa mabati na vumbi, wenye umri usiozidi miaka 20. Walowezi walikutana katika Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka wa 1904, na katika klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1913. Huko ndiko walikobadilishana habari za bei, za mvua na za madeni. Mwafrika hakukaribishwa katika kumbi hizo ila akiwa amebeba sinia.

Ndoa, madeni na moto

Ndoa yenyewe iliingia doa mapema. Kabla ya mwaka wa 1915 kwisha, Karen alilazimika kurudi Denmark kutibiwa kaswende ambayo aliamini ameambukizwa na mumewe. Tiba ya enzi hiyo ilitumia zebaki na dawa za aseniki, ambazo zenyewe ni sumu, na afya yake haikurejea kikamilifu.

Bror alikuwa mwindaji hodari na mcheshi, lakini hakuwa msimamizi wa fedha. Mwaka wa 1921 kampuni ilimwondoa na kumkabidhi Karen usimamizi wa shamba. Wanandoa hao walitengana mwaka huo, na talaka ikakamilika mwaka wa 1925.

Alichukua usukani wakati mbaya. Serikali ya kikoloni ilikuwa imebadili thamani ya rupia dhidi ya pauni, kutoka rupia 15 hadi rupia 10 kwa pauni moja. Mkulima aliyeuza kahawa London kwa pauni alijikuta akipokea thuluthi moja pungufu ya fedha alizozizoea, huku mishahara na madeni yake ya Nairobi yakibaki palepale.

Karen alijaribu kitani, zao lililokuwa na bei nzuri baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Bei ikaporomoka. Mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea kwa moto. Kila mwaka aliandikia jamaa zake kuomba fedha zaidi, na kila mwaka alitumaini kwamba msimu ujao ungefidia uliopita.

Kaka yake, Thomas Dinesen, aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa vitani, alikuja kumsaidia kwa muda mwanzoni mwa miaka hiyo. Naye pia hakuweza kuifanya ardhi itoe isichokuwa nacho.

Walioitunza bila kuimiliki

Historia ya shamba la Ngong haikamiliki bila kuwataja waliolilima. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Chini ya sheria ya mwaka wa 1918 iliyohusu maskwota, familia iliruhusiwa kuishi na kulima kijishamba katika ardhi ya mlowezi kwa sharti kwamba watu wazima wamfanyie kazi kwa siku 180 kila mwaka.

Ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni kupitia sheria za ardhi za 1902 na 1915, ya pili ikiwapa walowezi mikataba ya miaka 999. Baadhi ya waliohesabiwa kuwa maskwota walikuwa wamezaliwa papo hapo. Kwa macho yao, mwenye kuishi katika ardhi ya mwingine alikuwa yule aliyekuja na hatimiliki.

Zaidi ya hayo, Mwafrika hakuruhusiwa kulima kahawa yake mwenyewe. Walowezi walidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kushusha ubora, lakini hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua. Marufuku hayo yalianza kulegezwa katika miaka ya 1930, kwa kiasi kidogo, huko Kisii na Meru. Wakulima wengi wa Mkoa wa Kati walisubiri hadi miaka ya 1950.

Kwa hivyo, mwanamke aliyechuma kahawa Ngong kwa miaka kumi alijua kuliko mlowezi mgeni ni mti upi huzaa vizuri, ni tunda lipi limeiva na ni lipi litaharibu ladha ya gunia zima. Ujuzi huo haukumpa haki ya kupanda hata mche mmoja nyuma ya nyumba yake.

Karen alitofautiana na majirani wengi kwa kuwa alianzisha shule shambani, aliwatibu wagonjwa na kuketi kusikiliza mashauri ya wazee. Alikuwa na uhusiano wa muda mrefu na Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba yake, na na Kamante Gatura, kijana aliyeletwa kwake akiwa na vidonda miguuni, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, na baadaye akawa mpishi wake.

Kamante alijifunza mapishi ya Kifaransa ambayo bibi huyo mwenyewe alikuwa amefunzwa na mpishi stadi wa Copenhagen. Mwaka wa 1928, Mwana wa Mfalme wa Uingereza, ambaye baadaye alikuwa Mfalme Edward wa Nane, alikula chajio katika nyumba ya Mbogani. Upishi wa usiku huo ulitoka mikononi mwa Kamante.

Lakini wema wa mlowezi ulikuwa na mipaka, na Karen aliikiri mipaka yake. Chifu Mkuu Kinyanjui wa Gathirimu, alipokuwa mahututi mwaka wa 1929, aliomba apelekwe afie nyumbani kwa Karen badala ya hospitali ya misheni. Karen, aliyekuwa amezongwa na madeni na kuhofia lawama za wazungu wenzake, alikataa. Chifu huyo alifia hospitalini. Aliyekataa alilichukua jambo hilo moyoni na kuliandika bila kujitetea sana.

Mwaka wa maombolezo

Mwishoni mwa miaka ya 1920, mambo yalizidi kwenda mrama. Ukame ulifuatwa na nzige, na nzige wakafuatwa na mdororo wa uchumi wa dunia ulioporomosha bei ya kahawa. Wenye hisa Denmark walichoka. Mnamo 1931 shamba liliuzwa kwa mwekezaji wa Nairobi, Remy Martin, aliyepanga kuligawa viwanja vya makazi.

Karen alipokuwa bado anavuna zao lake la mwisho, pigo jingine lilimfika. Mpenzi wake, Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mwindaji na rubani, alikufa Mei 14, 1931, ndege yake ndogo ilipoanguka muda mfupi baada ya kupaa Voi. Alizikwa katika vilima vya Ngong, mahali ambapo kutoka hapo shamba lilionekana kwa mbali.

Katika wiki zake za mwisho nchini, Karen alijishughulisha na jambo moja. Maskwota walikuwa wametakiwa kuondoka, na walitaka kuhamia mahali pamoja ili wasitawanyike. Alizunguka ofisi za serikali mjini Nairobi, kutoka kwa afisa mmoja hadi mwingine, hadi kwa Gavana Joseph Byrne. Hatimaye walikubaliwa kuhamia sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Ushindi huo haukurudisha ardhi kwa wenyewe. Ulizuia tu jamii moja kusambaratishwa. Lakini kati ya yote aliyoyahangaikia kwa miaka 17, huo ndio uliofanikiwa. Aliondoka Kenya mwaka huo wa 1931 akiwa na umri wa miaka 46, mgonjwa, bila mume, bila shamba na bila senti. Hakurudi tena.

Mbegu iliyochelewa

Kuna kinaya katika tarehe hizo. Mwaka huo huo wa 1931 ambapo shamba la Ngong lilikufa, afisa mkuu wa kahawa wa serikali, A. D. Trench, alizuru Tanganyika. Katika eneo la Monduli aliona mibuni iliyostahimili ukame na magonjwa, na mbegu zake zikaletwa katika maabara ya Scott, Kabete, nje kidogo ya Nairobi upande wa magharibi.

Watafiti wa Kabete walikuwa na kazi ya kuchagua mti mmoja mmoja uliojipambanua shambani, kukusanya mbegu zake na kuzipa nambari. Nambari hizo zilitanguliwa na herufi SL, kifupi cha jina la maabara. Mwaka wa 1935 walichagua mti mmoja kutoka kwa kizazi cha ile mbegu ya Tanganyika, na uzao wake ukaitwa SL28.

Mwingine, SL34, ulitokana na mti mmoja uliokuwa katika shamba la Loresho, Kabete, ambako leo kuna mtaa wa makazi. Kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa mtoto wa French Mission. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa miaka ya karibuni umeonyesha kwamba uko karibu zaidi na ukoo wa Typica, ndugu wa Bourbon.

Mibuni hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya uvumilivu na mazao, lakini ladha yake ndiyo iliyoipa Kenya jina. SL28 hutoa kahawa yenye uchachu mkali na utamu kwa pamoja. Wazungu huifananisha na tunda dogo jeusi la kwao. Mkenya anaweza kufikiria zambarau iliyoiva au tunda la karakara. SL34 hufanana nayo, ila uchachu wake ni mpole na kahawa yake ni nzito zaidi kinywani. SL34 hupenda miinuko yenye mvua ya kutosha, ilhali SL28 huvumilia ukavu.

Hakuna awezaye kudai kwa hakika kwamba SL28 ingeliokoa shamba la Ngong. Mbuni unaovumilia ukame si mbuni unaovumilia baridi kali, wala mbegu njema haifuti madeni. Lakini ni dhahiri kwamba Karen na wenzake walicheza bahati nasibu na mbegu wasiyoichagua, na elimu ya kuchagua ilianza walipokuwa wamekwisha kushindwa.

Kalamu badala ya jembe

Rungstedlund, katika chumba cha nyumba ya mama yake, Karen alianza kuandika kwa Kiingereza. Mkusanyiko wake wa hadithi, Seven Gothic Tales, ulichapishwa Marekani mwaka wa 1934 chini ya jina Isak Dinesen. Mwaka wa 1937 kilifuata kitabu chake kuhusu Kenya, Out of Africa, alichokiandika pia kwa Kidenmaki.

Baadaye aliandika hadithi ya Babette, mpishi Mfaransa anayetumia mali yake yote kuandaa karamu moja kwa watu wasiojua wanachokila. Aliyefahamu maisha ya mwandishi angeona humo kitu cha Ngong: mtu anayemaliza kila alicho nacho kwa ajili ya jambo lisilomletea faida. Kitabu cha Shadows on the Grass, kilichorejea Kenya, kilitoka mwaka wa 1960.

Jina lake lilitajwa zaidi ya mara moja katika Tuzo ya Nobel, lakini hakuipata. Afya ilimponyoka. Alifanyiwa upasuaji wa tumbo katika miaka ya 1950, na baada ya hapo hakuweza kula vizuri. Mwanamke aliyethamini chakula na ladha kiasi hicho alifariki Septemba 7, 1962, akiwa na miaka 77, mwili umekonda kwa kukosa lishe.

Urithi wenye ubishi

Mwaka wa 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba ya Mbogani na kuizawadi Kenya iliyokuwa imepata uhuru. Filamu iliyoigizwa na Meryl Streep na Robert Redford, iliyotoka mwaka wa 1985 na kushinda tuzo saba za Oscar, ilileta wimbi la watalii. Makavazi yalifunguliwa mwaka wa 1986, na mitambo ya kahawa iliyozeeka ikawa miongoni mwa vivutio vyake.

Hata jina la mtaa lina ubishi. Karen mwenyewe aliamini kwamba uliitwa kwa heshima yake. Wengine wanashikilia kwamba jina lilitokana na kampuni, na kwamba kampuni ilipewa jina la binti wa mwenyekiti Westenholz, aliyeitwa pia Karen.

Wakenya nao hawajakubaliana juu yake. Marehemu Ngugi wa Thiong'o alimshutumu vikali kwa jinsi alivyowasawiri Waafrika, akiwafananisha na wanyama na mandhari, na kwa kuyavisha maisha ya ukoloni vazi la mapenzi. Wanaomtetea hutaja shule, hospitali ya barazani na maskwota wa Dagoretti. Pande zote mbili zina ushahidi wake katika kitabu kimoja.

Kahawa nayo imekuwa na safari yake. Ugonjwa wa kuoza matunda ulipoivamia Kenya vibaya mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Ruiru walianza kuzalisha chotara. Ruiru 11, iliyotolewa katikati ya miaka ya 1980, ni mbuni mfupi unaohimili magonjwa, na hektari moja huchukua miche 2,500 badala ya 1,330 ya ile ya SL. Katika nasaba yake imo damu ya robusta, na baadhi ya wanunuzi wamelalamika tangu hapo kwamba kikombe chake ni chepesi. Watafiti wamejibu kwamba ikitunzwa vyema, tofauti ni ndogo. Mwaka wa 2010 ikafuata Batian, yenye jina la kilele cha juu cha Mlima Kenya, iliyokusudiwa kuunganisha kinga ya chotara na ladha ya SL28.

Ubishi huo wa ladha ni suala la riziki. Katika soko la mnada la Nairobi, lililokuwa kwa miaka mingi katika jumba la Wakulima House katikati ya jiji, waonjaji hukaanga, husaga, humwagia maji moto, huvuta kwa kijiko na kutema, kisha huamua bei ambayo mkulima wa Nyeri au Kirinyaga atalipwa. Herufi AA zinazoandikwa kwenye gunia hueleza ukubwa wa punje tu. Kinachoamua mengine ni ulimi.

Mavuno ya Kenya yalifikia kilele cha takriban tani 130,000 msimu wa 1987/88, na katika miaka ya karibuni hayajafika hata nusu ya kiwango hicho. Loresho, ulikotoka mti wa SL34, sasa ni nyumba. Lavington, mapadri walikopanda miche yao, sasa ni nyumba. Mashamba ya Kiambu yanafuata njia iyo hiyo kila mwaka.

Remy Martin alipogawa viwanja vya Ngong mwaka wa 1931, wengi walidhani anazika kosa la mwanamke mmoja aliyepanda kahawa mahali isipofaa. Kumbe alikuwa ametangulia tu. Ardhi ya Karen iliachwa kwa sababu iliikataa kahawa. Ardhi ya Loresho na Kiambu, iliyoikubali kwa moyo wote, nayo inaachwa kwa sababu kiwanja kina bei kuliko gunia. Hasara ya kwanza ilimfika mlowezi. Ya pili inawafika wale ambao wazazi wao walinyimwa ruhusa ya kupanda mche mmoja.